Alama ya Reli

Umeme wa Idrija ulikatika Jumamosi, saa tatu asubuhi,
tawi lililoelemewa na theluji lilipoangukia waya.
Uliporudi, kompyuta yangu haikurudi.
Kioo cheusi. Maandishi meupe, madogo kama punje za ulezi,
na sentensi moja ikijihesabia:
nasubiri diski, sekunde kumi,
nasubiri diski, sekunde ishirini.
Ilipotimia dakika moja na nusu ikachoka,
ikanidai nywila ya mkuu wa mashine,
nywila ambayo sikuwahi kuiweka.

Humo ndani mna vielelezo mia tatu na arobaini vya lesi,
kola za maharusi, kingo za vitambaa vya madhabahu,
jani la kangaga nililolichora nikiwa na homa.
Na Jumanne wanawake sita wanakuja darasani
na mito yao, na pini zao, na maneno yao.

Diski gani? niliiuliza, kana kwamba ina masikio.
Kisha nikakumbuka.

Ilikuwa ya Srečko. Ilikaa nyuma ya redio,
imejaa picha za vichwa vya treni.
Mwaka juzi, kwa mkono wangu mwenyewe,
nilifungua faili la mambo ya kuwashia, nikaandika:
kila uamkapo, mtafute huyu kwanza,
usifungue mlango mpaka afike.
Sikuandika: asipokuwepo, endelea.
Neno moja tu lilitosha. Sikulijua.
Srečko aliondoka Oktoba
na kodiani, na diski, na kikaango kizuri.
Yuko Graz.
Kosa moja haliachi mke, husema watu;
ya kwetu sijui yalifika mangapi.

Neža wa ghorofa ya juu ana miaka kumi na saba.
Alishuka na soksi zisizofanana, mkate mkononi.
"Zima. Washa. Sasa bonyeza e.
Taratibu, hiyo si kengele ya kanisa."
Tukapachika maneno machache mwishoni mwa mstari mrefu,
tukaingia kwa mlango wa jikoni,
bila nywila, bila hodi.
"Unaweza kusoma," alisema, "kuandika bado."
Nikacheka, naye hakujua kwa nini.
Vuli nzima niliishi hivyo hivyo,
nikisoma kila kitu ndani ya nyumba hii
bila kuweza kubadili hata nukta.
Amri nyingine moja, na faili likakubali mkono.

Nikauona mstari wangu, wa nne kutoka juu.
Nilikuwa nimeupanga vizuri,
nafasi sawa, hakuna herufi iliyoyumba.
Kumbe kosa pia huweza kuandikwa kwa mwandiko safi.

"Ufute," alisema Neža.
Kidole kikaning'inia.
Katika lesi hatukati uzi uliopotea njia;
tunaurudisha, pini kwa pini, hata kama ni usiku.
Akanitazama, akatafuna, akameza.
"Au weka alama ya reli mbele yake.
Mashine itaupita tu. Utabaki pale pale,
ila hakuna atakayeutii."

Nikaiweka.
Mistari miwili juu ya mistari miwili,
kama mpishano wa kwanza ninaowafundisha wageni,
nyuzi nne, kulia juu ya kushoto,
kabla hawajajua kwamba watauma meno.

Tukaiwasha upya.
Sekunde kumi na moja.
Miaka yote hiyo sikujua kwamba ina haraka hivyo.
Kangaga likafunguka kiooni, jani kwa jani,
na homa yangu ya zamani ndani yake.

"Weka nywila leo hii," Neža alinionya,
"na uiandike mahali."
Halafu akauliza kama nina jamu.
Ninayo. Ya plamu, ya mwaka juzi,
chupa ya mwisho kabatini,
kibandiko kina mwandiko wa Srečko.
Tukaimaliza.